Uji wa Machopaka

Kila asubuhi nilimwombea Sarel Nortje uhai. Nilipiga magoti kando ya kitanda, na magoti yangu siku hizi hayaelewani na sakafu, nikamwambia Mungu: mlindie mapafu, mlindie moyo, mpe usingizi mwema, asije akateleza bafuni. Sikumpenda. Nilitaka tu afike mahakamani akiwa anapumua.

Sala hiyo nilifundishwa na wakili wetu, Kawira, bila yeye kujua. Kawira ni Mmeru wa Kenya. Ofisi yake iko Sandton, kwa matajiri, lakini Jumapili hukaa nami benchi moja katika ibada ya Kiswahili hapa Yeoville, Johannesburg, na kitabu cha nyimbo hunishikia yeye kwa sababu macho yangu yamechoka. Siku jaji alipoahirisha tena uchunguzi wa vifo, alinishika mkono kwenye ngazi za mahakama.

"Bibi, hawa mawakili wa Nortje hawahitaji kushinda," alisema. "Wanahitaji kusubiri tu. Mzee wao anakaribia miaka tisini. Akifa, hakuna wa kumuuliza."

"Basi hatakufa," nikasema.

Akacheka kidogo, akanifunga mtandio vizuri shingoni. Alidhani najifariji.

Mimi ni Mnyakyusa wa Tukuyu, Tanzania. Jina langu Tusekile. Nilikuja Johannesburg uzeeni kumsaidia binti yangu kulea watoto, ambao nikiwasemesha Kiswahili hunijibu Kizulu, tukaelewana hivyo hivyo. Lakini mtu wa kwanza wa nyumba yetu kuja huku alikuwa baba yangu, Ambakisye. Aliandikishwa na Wenela, wale waliokuwa wakikusanya vijana wetu kwenda kuchimba dhahabu, wakati mimi sijang'oa hata jino. Alituma blanketi, akatuma sufuria, kisha ikawa kimya. Mama alipokwenda kuuliza ofisi ya Wenela, karani alimwambia baba ametoroka mgodini pamoja na wenzake wa chumba kimoja. "Wamelowea huko," akasema. "Wamepata wanawake wa mjini."

Kulowea. Mtu akienda ugenini akasahau kwao, tunasema amelowea. Mama yangu akaitwa mke wa mlowezi, neno lile lile tuliloita Wazungu waliokuja kukalia ardhi ya watu. Ndugu wa baba walichukua migomba yake yote wakisema mume hayupo, na yeye hana wa kumsemea. Kwenye misiba wanawake walimpisha kama mtu mwenye upele. Jirani mmoja tu, mke wa mwalimu, alimletea maziwa na kukaa naye barazani mchana kweupe ili watu waone. Mama alikufa akiamini baba alimwacha. Hilo ndilo sikulisamehe. Kifo cha baba ningeweza kukizika. Lakini aibu ile ilipikwa na watu, wakamlisha mama yangu miaka yote.

Ukweli tuliupata kwa bahati, tena tukicheka.

Tulikuwa tumekwenda kumzika Placide, mwenzetu wa kanisani, Mkongo aliyekuwa mlinzi wa duka. Makaburi ni ya zamani, upande wa mashariki wa jiji, karibu na vilima vya mchanga wa migodi. Baada ya sala nikamwona rafiki yangu Victorine, fundi cherehani wa Lubumbashi, anatafuta mahali pa kukaa atoe jiwe kwenye kiatu. Akainama kwenye kibao kidogo cha chuma kilichochomekwa ardhini.

"Mama Tusekile, kuya uone!" akaita. "Uyu muntu jina yake ni Tulikuwa. Tulikuwa Tumelala!"

Nikaenda. Kweli, herufi zilikuwa zimegongwa kwenye chuma: TULIKUWA TUMELALA. Tukacheka tukishikana.

"Mama yake alijifungua usingizini," nikasema.

"Ao alikuwa mulevi," akasema Victorine. "Na uyu ndugu yake, angalia. Mlango Kafunga."

Nikaangalia. MLANGO KAFUNGA. Pembeni yake, KATUPIGA RISASI. Tukakitema kicheko kama maji ya moto. Tukaenda kibao kwa kibao, tukifuta kutu kwa pindo la kitenge. HATUNA SILAHA. WOTE WATUKUYU. KAUA MACHOPAKA. Cha mwisho, chini ya mti mkavu, kilisema: WAMBIENI NYUMBANI.

Vyote vilikuwa na tarehe moja, ya mwaka ule ule baba alipoacha kutuma kitu.

Nilikaa chini kwenye majani. Victorine akavua koti lake akanitandikia. Yeye hakuwa na mtu pale, lakini ndiye aliyelia kwanza.

Tuliyaelewa bila kuambiwa na mtu. Kuna aliyeulizwa majina ya maiti, jina na ukoo, na mwandishi akawa anaandika anachosikia. Mtu yule hakutoa majina. Alitoa ushahidi, maneno mawili mawili, kwa lugha ambayo hakuna askari wala mchimbaji mwenyeji aliyeijua. Wazulu waliopita pale waliona majina ya wageni kutoka kaskazini. Wazungu waliona majina ya watu weusi, wakapita. Maneno yakakaa juani miaka yote yakisubiri Mswahili afike mazikoni na kiatu chenye jiwe.

Kawira ndiye aliyefukua yaliyobaki. Wachimbaji wa Tukuyu walikuwa wamegoma kushuka shimoni baada ya mwamba kuwaangukia wenzao. Polisi wakaja alfajiri kwenye bweni lao. Serikali ile ya ubaguzi haikuandika kifo hata kimoja, na kampuni ikawaandika watoro, baba yangu akiwa mmoja wao. Askari aliyepeleka maiti makaburini alitia sahihi kwenye daftari la makaburi: S. Nortje. Yuko hai, Kawira akaniambia. Anasema yeye alibeba maiti tu, kwenye risasi hakuwapo.

Basi nilipotoka mahakamani siku ile ya kuahirishwa, nilijua la kufanya. Kina mama wa kanisa letu hutembelea nyumba ya wazee moja upande wa kaskazini, ile ile niliyosikia ikitajwa mahakamani, ambako Murielle, binti wa Bukavu, ni mhudumu. Murielle anakaa mbali, kwenye mabanda ya Diepsloot, na husimama zamu nzima, lakini akimwona mgeni humtafutia kiti kabla hajajitafutia chai. Nikamwuliza kama wana mzee anaitwa Nortje.

"Oom Sarel?" akasema, maana Makaburu wazee huwaita Oom, mjomba. "Yupo, maman. Lakini ule hataki kula. Mwanawe anakuja mara moja kwa mwezi, anaangalia saa tu. Hataishi sana."

"Nipeleke," nikasema.

Alikuwa dirishani, amefunikwa blanketi, mikono imejaa mabaka. Akageuka. Macho yake yalikuwa ya kijani iliyochanganyika na manjano, na katikati mboni nyeusi iliyojikunja kwa mwanga. Nilishika mlango. Aliyesema Machopaka hakukosea.

"Wewe ni nani?" akaniuliza kwa Kiingereza.

"Ni mama wa kanisa," nikamjibu kwa Kiingereza changu cha misheni. "Umekula?"

Hakuwa amekula. Nilirudi na uji wa ulezi niliousaga mwenyewe, nikautia maziwa na siagi ya karanga. Siku ya kwanza alionja akaukunjia uso. Siku ya pili alimaliza nusu. Nilipanda teksi mbili kwenda na mbili kurudi, nikiwa nimekumbatia chupa ya moto kifuani, na vijana wa teksi, ambao bibi humwita Gogo, wakinitania, "Gogo, unampelekea mpenzi?" Nikawajibu, "Ndiyo, na nyinyi endesheni haraka asife njaa." Wakacheka, wakanipa kiti cha mbele.

Mashavu yake yalijaa. Nilimsugua miguu ili damu itembee. Nilimfumia soksi. Kikohozi kilipomshika, nilimchemshia tangawizi na kumkalia mpaka alipolala, nikisikiliza kila pumzi kama mama anayemsikiliza mtoto mwenye surua. Wahudumu walinisifu. Mmoja alisema mbinguni nitakaa mbele. Nikasema asante.

Sitadanganya kwamba alikuwa mtu mbaya kwangu. Alinihifadhia biskuti yake ya saa nne kwenye leso. Siku ya baridi alitoa blanketi lake magotini akanifunika mimi, akakaa akitetemeka kwa makusudi ili nisikatae. Wema ni wema, niliuona. Kisha nikakumbuka kwamba mama yangu aliuza lile blanketi la baba kununua chumvi, na moyo wangu ukarudi mahali pake, baridi kama jiwe la kusagia.

Kawira alipogundua, alikuja nyumbani hata viatu hakuvua.

"Bibi! Unakwenda kwa yule mzee? Unajua unaweza kuharibu kila kitu? Watasema umemtisha, umemfundisha la kusema!"

"Mwanangu, sijamuuliza neno hata moja," nikasema. "Wala yeye hajui mimi ni nani. Waulize wahudumu. Nampa uji."

"Uji!"

"Uji wa ulezi. Kaa, na wewe nikupe. Umekonda."

Alivuta kiti akakaa.

"Kwa nini?" akauliza kwa sauti ndogo. "Mimi nisingeweza hata kumgusa."

"Wewe una vitabu vya sheria. Mimi nina sufuria. Ulisema wanamsubiri afe. Mimi namsubiri asife. Tuone nani mvumilivu."

Alifunika uso kwa mikono, mabega yakawa yanatikisika, na sikujua kama ni kicheko au kilio. Kisha akasema nisirudi kule, ni amri ya wakili. Nikasema nimesikia. Kusikia nilisikia.

Wiki ile ile Murielle alinipigia simu. Mwanawe Oom Sarel alikuwa amekuja kumwambia kwamba jaji amekataa kuahirisha tena. Tangu hapo mzee amefunga mdomo. Hali, hanywi, uso kaugeuzia ukuta.

"Maman, anajiacha," Murielle akasema. "Anataka kwenda."

Nikakoroga uji nikilia kwa hasira. Baada ya yote hayo, atoroke? Yeye ndiye awe mtoro?

Nilimkuta midomo imepasuka. Nikaketi kitandani, nikachovya kijiko.

"Fungua mdomo."

"Niache," akasema. "Nimechoka. Wanataka kunipeleka mbele ya watu."

"Najua."

"Hakuna anayetaka niishi. Hata mwanangu anangoja simu tu."

"Mimi nataka uishi," nikasema.

Aligeuka akaniangalia kwa yale macho. Machozi yalikuwa yamejaa pembeni. "Wewe tu," akasema.

"Kweli kabisa," nikasema. "Mimi tu. Kula, baba."

Neno hilo lilitoka lenyewe. Kwetu kila mzee ni baba, hata muuza mkaa. Lakini mimi sikuwahi kumwita mtu yeyote hivyo tangu nikiwa mtoto. Nilikuwa nimelitunza kwa mtu mmoja, naye hakurudi. Sasa nikalitia kwenye kijiko kama chambo kwenye ndoano. Akafungua mdomo. Akameza. Nikampa kingine, na kingine, "kula, baba," mpaka bakuli likaisha. Nikaenda bafuni nikasukutua mdomo.

Siku ya mahakama ilikuwa na jua kali la baridi. Victorine alinishonea gauni jeusi, akakataa malipo, akakaa kushoto kwangu. Wakamwingiza Oom Sarel kwenye kiti cha magurudumu, amevaa suti iliyompwaya kidogo tu, soksi zangu miguuni, mashavu na damu. Mawakili wake walionekana wamekasirika, kama wafiwa walioletewa maiti inayopiga chafya. Akazungusha macho ukumbini akaniona. Uso wake ukachanua. Akainua mkono akanipungia, mbele ya watu wote. Alidhani nimekuja kumtia moyo.

Jaji akasema, "Familia za marehemu zisimame, zijitaje."

Nikasimama. Nikasema kwa Kiswahili, mkalimani akafuata: "Naitwa Tusekile, binti wa Ambakisye, wa Tukuyu."

Mkono wa mzee ulibaki hewani. Sikumwondolea macho. Niliangalia ile furaha ikimtoka usoni taratibu, kama maji yanayozama kwenye mchanga, na nasema ukweli, nilishiba.

Kawira hakumuuliza kuhusu risasi. Alimuuliza kuhusu mwandiko.

"Nani aliandika majina ya marehemu?"

"Mimi," akajibu. Sauti ilikwaruza. "Sajenti alinichagua. Nilikuwa na mwandiko mzuri."

"Nani alikutajia?"

"Mmoja wao. Alikuwa kwenye kliniki ya mgodi, mguu umevunjika, hakuwapo bwenini, ila mmoja wa waliopigwa alifia kitanda cha pili yake. Tulimpitisha kwenye maiti, moja moja. Alisema polepole ili niandike sawasawa. Alinisaidia hata herufi. Mwisho akasema asante, bosi."

"Ulijua majina hayo yana maana gani?"

"Majina ni majina."

Kawira akamwambia mkalimani asome. Yule kijana alikuwa Mtanzania. Alisoma kila kibao kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza, bila haraka. Tulikuwa tumelala. Amefunga mlango. Ametupiga risasi. Hatuna silaha. Hata waandishi wa habari wakaacha kubonyeza kamera zao. Alipofika kwenye "Kaua Machopaka", aliieleza: ameua yule mwenye macho ya paka. Kila kichwa mle ndani kikageuka. Mzee akafumba macho, lakini alikuwa amechelewa, tulikuwa tumeshayaona.

Aliandika mwenyewe. Kwa mwandiko wake mzuri alijiandikia mashtaka yake, na mtu mwenye mguu uliovunjika, ambaye jina lake hatutalijua kamwe na ambaye Tukuyu hakufika, akamsahihishia herufi na kumshukuru.

Jaji akatoa mapumziko mafupi. Nilikuwa nje ya ukumbi, Victorine amekwenda kuniletea maji, nikasikia magurudumu. Murielle, aliyekuja naye kama mhudumu, alimsogeza karibu yangu, uso umemwiva kwa aibu, asijue amlinde nani.

"Ule uji," akasema Oom Sarel. "Ulikuwa kwa ajili ya haya."

"Ndiyo."

"Siku zote?"

"Kila kijiko."

Akatikisa kichwa polepole. Nilidhani atanitukana, na nilitaka anitukane. Badala yake akauliza, "Baba yako alikuwa yupi?"

"Wewe ndiye uliyewaona. Mimi nilikuwa mtoto."

Akaniinamia. "Kulikuwa na mmoja mrefu," akasema kwa kunong'ona, "alikuja mlangoni mikono wazi, akiwakinga wengine, akasema kwa Kiingereza..."

Mwili wangu wote ulivutwa kwake kama kiu. Maneno ya baba yangu, pengine ya baba yangu, yalikuwa pale kwenye midomo ile niliyoilisha. Kunong'onezwa tu, kati yangu na yeye, kama zawadi. Kama biskuti kwenye leso. Nami ningekwenda nayo nyumbani, na yeye angerudi ndani akaseme hakumbuki.

"Nyamaza," nikamwambia. "Usiniambie mimi. Kaseme kule, kwenye kipaza sauti. Mama yangu alitukanwa hadharani, na kusafishwa atasafishwa hadharani."

"Nikisema kule, nitafia jela."

"Ndiyo," nikasema.

Mwanawe akaja mbio akamvuta, akinitupia neno moja la Kiafrikana ambalo Murielle alikataa kunitafsiria.

Waliporudi ndani, wakili wake alisimama na kusema mteja amechoka, ni mgonjwa, hatajibu zaidi. Oom Sarel akainua kidole. Akavuta kipaza sauti kwa mkono ule wenye mabaka.

"Walikuwa wamelala," akasema. "Mlango niliufunga mimi."

Nyuma yangu mtu alipiga kelele. Jaji akagonga meza. Mzee akaendelea, sentensi baada ya sentensi: amri ilitoka kwa nani, dirisha lipi, nani alicheka. Akafika kwa yule mrefu aliyekuja mlangoni mikono wazi. Hapo pumzi ikamwishia. Uso ukawa kijivu. Murielle akainuka nusu kwenye kiti chake.

Jaji akaegemea mbele. "Bwana Nortje," akasema kwa upole, "unahitaji kupumzika?"

Hakumtazama jaji. Hakumtazama mwanawe wala wakili wake. Aliyainua yale macho akaniangalia mimi, akingoja.

Nikatikisa kichwa: hapana, asipumzike.

Akameza mate, akakisogelea kipaza sauti, akaendelea.